Seramiki, Nta au Utando: Kwanza Uliza Gari Linalala Wapi

Toyota Harrier nyeusi ilifika kwetu ikiwa na madoa meupe boneti nzima, na seramiki, ile kinga ya kimiminika inayopakwa juu ya rangi ikakauka, ilikuwa imepakwa miezi michache tu nyuma. Mwenyewe alilipa pesa nzuri, akaahidiwa miaka mitano, akapewa na kikaratasi cha dhamana chenye muhuri. Sasa paa limejaa viduara vya chokaa, milango ina mikwaruzo ya mviringo inayojitokeza kila taa ya barabarani ikiimulika, na hasira zake zote kazielekeza kwa aliyempakia. Nusu ya hasira hizo zilikuwa za haki. Nusu nyingine zilistahili kwenda kwenye kisima cha nyumbani kwake Bamburi, Mombasa, kwenye mwembe anaoegesha chini yake, na kwa vijana waliokuwa wakilifuta gari kavukavu kila asubuhi kwa kitambaa kilekile.

"Fundi, hii seramiki ni utapeli mtupu," akasema.

"Bwana, gari hulala wapi?"

Akashangaa swali hilo na rangi vinahusiana vipi. Vinahusiana kuliko jina lolote lililoandikwa kwenye chupa, na ndiyo sababu safari ya gari hili kuanzia siku hiyo inafaa kusimuliwa hatua kwa hatua. Makosa yaliyofanywa juu yake tunayaona kila wiki kwenye magari ya Nyali, Tudor, Kizingo na Mtwapa.

Kilichokuwa kinaila rangi

Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Boneti nyeusi iliyoachwa juani mchana hufika nyuzi 70 za Selsiasi na kupita, mkono haukai. Katika joto hilo klia, yaani tabaka angavu la juu linaloipa rangi mng'aro, hulainika na kutanuka. Kinyesi cha kunguru kikiangukia hapo, asidi yake huanza kazi. Jioni klia ikipoa hujikunja kulizunguka lile donge, na alama hubaki hata ukikiosha kesho yake. Kwa hiyo kinyesi cha asubuhi kisingoje jioni.

Saruji ni adui mwingine wa wakaao upande wa Bamburi. Vumbi lake likikaa kavu halina madhara makubwa. Likipata umande au manyunyu hushika na kugeuka ganda lenye alkali kali, na anayelifuta kwa kitambaa kikavu anakuwa amepiga rangi msasa kwa mkono wake mwenyewe. Linatolewa kwa maji mengi kwanza, na kitambaa kinafuata baadaye.

Lakini kilichoiua kinga ya Harrier ni maji. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe hutoa maji yenye chokaa nyingi, na karibu na bahari huongezeka chumvi. Seramiki kazi yake ni kuyafanya maji yajikusanye matone na kuteleza. Kwenye mlango ulio wima yanateleza. Kwenye paa na boneti matone mengi hubaki yamesimama, jua linayakausha pale pale, na kila tone linaacha chokaa yake yote mahali pamoja, kwenye duara lenye ukubwa wa punje ya dengu. Gari lisilo na kinga yoyote, maji yakitandaa bapa, lingepata ukungu mwepesi wa chokaa badala ya viduara vilivyokolea. Hapo ndipo wauzaji hunyamaza: seramiki ikioshwa kwa maji ya kisima na kuachwa ikauke juani hutoa madoa mabaya kuliko rangi tupu.

Kupima kabla ya kugusa

Rangi ya gari ni matabaka: la kuzuia kutu, praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe, halafu klia. Gari lililotoka kiwandani Japani kwa kawaida lina jumla ya maikroni 90 hadi 140, na klia ni 35 hadi 50 hivi kati ya hizo. Maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Seramiki ikishakauka haizidi maikroni moja au mbili, nta ni nyembamba zaidi, na utando wa poliurethani, ile plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi, ni 150 hadi 200. Namba hizo peke yake zinatosha kukuambia kwamba seramiki haizuii jiwe lililorushwa na lori pale Mariakani.

Ile "9H" inayotangazwa nayo ni kipimo cha penseli. Penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya rangi mpaka ipatikane inayokwaruza, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote kwenye seti. Punje ya mchanga ni ngumu kuipita. Anayekuambia gari halitakwaruzika tena, muulize kama atakubali ulisugue lake kwa kitambaa cha vumbi.

Harrier ilipimwa kwa kipima unene, tukaanzia paani kwa sababu paa ni nadra kupakwa upya. Paa likasoma kati ya 100 na 110, boneti vivyo hivyo, milango mitatu haikuwa mbali. Mlango wa nyuma kushoto ukasoma 240. Mwenyewe alibishana kidogo, akisema gari lilitoka Japani halijaguswa. Alipotafuta karatasi ya mnada kwenye simu, mchoro wa gari ulikuwa na W2 pale pale mlangoni. Kwenye karatasi hizo A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wa jambo. Alinyamaza kwa muda. Tangu aliponunua gari hakuna aliyewahi kumsomea.

Kenya haipokei gari lililotumika likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na miaka hiyo inatosha kwa gari kuwa limekwaruzwa, kupakwa na kupigwa polishi mara kadhaa kabla halijaingia melini. Kwa hiyo pima. Kipima cha kawaida husoma bati la chuma tu. Boneti ya alumini inataka kile kinachosoma metali zote mbili, na bampa za plastiki hazisomeki kwa chombo hicho. Ukiona zaidi ya 200, sehemu hiyo pengine imepakwa upya. Ikipita 500 au kufika elfu, chini kuna fila, ile lipu ya kujazia bati lililobonyea.

Tazama pia namba ya rangi kwenye kibati cha gari, mbele ya C/TR. Harrier hii ilikuwa 202, nyeusi tupu ya Toyota. Mafundi wanaijua: ni laini, inang'aa kupita kiasi na inakwaruzika kwa kufutwa tu. Magari meupe ya kazi mengine hayana klia kabisa. Pedi ikigeuka nyeupe wakati wa polishi ujue unakula rangi yenyewe. Na kama klia imeanza kumenyuka kwa mabaka meupe paani, funga chupa zote. Hapo dawa ni kupaka rangi upya, na baada ya kupaka usubiri angalau siku 30 kabla ya kufunika kwa kinga yoyote, kwa sababu kiyeyushi kilichomo kwenye rangi ya gereji isiyo na tanuri huendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Ukikizibia ndani, rangi huvimba viputo au hubaki laini.

Kusafisha ndiko kunakokula siku

Mteja anapotajiwa bei huwaza chupa. Lakini chupa ya mililita 30 inatosha gari dogo, na 50 inatosha gari la ukubwa wa Harrier. Kuipaka ni kazi ya saa mbili au tatu. Kuosha na kung'oa uchafu ulionata ni kama saa tatu nyingine, na polishi nyepesi ya mkupuo mmoja ni saa tano au sita za mtu anayejua. Anayekupakia seramiki gari zima kwa nusu siku ameruka kitu, na alichoruka ni polishi. Ndicho kilichotokea kwa Harrier: mikwaruzo ya mviringo ilifunikwa ikiwa ndani, ikahifadhiwa vizuri chini ya kinga. Hiyo ndiyo nusu ya hasira iliyokuwa ya haki.

Tulianza na maji mengi bila kugusa, kisha povu, kisha ndoo mbili za lita 10: moja ya shampuu isiyo na asidi wala alkali, nyingine ya kusuuzia glavu kila baada ya kipande kimoja. Kutoka juu kwenda chini, na vizingiti vya mwisho kabisa. Sabuni ya unga haina nafasi hapa. Imetengenezewa nguo, alkali yake huondoa nta uliyoilipia na huchosha mipira ya madirisha.

Lami iliyoganda nyuma ya magurudumu ilitolewa kwa dawa yake. Wengine hutumia mafuta ya taa, na yanafanya kazi, ila huacha utelezi ambao usipooshwa mara mbili kwa shampuu utaizuia kinga yoyote isishike. Kisha dawa ya chuma, ile ya kupuliza: inapokutana na chembe za chuma za breki na reli hugeuka zambarau na kunuka mayai viza. Hupulizwa kivulini, bati likiwa baridi, dakika tatu hadi tano, na haiachwi ikauke.

Baada ya hapo pitisha kiganja ndani ya karatasi ya mkate. (Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku 2017, lakini karatasi ya mkate bado ipo na inafanya kazi vizuri zaidi.) Mkono mtupu unaona rangi ni laini, kupitia karatasi utahisi vijipunje kila mahali. Hivyo hutolewa kwa udongo maalumu wa kuvutia uchafu. Kipande cha gramu 50 hukatwa mara mbili, hulainishwa kwa maji ya shampuu mengi, huburuzwa bila kukandamiza, na hukunjwa upya kila kinapochafuka. Kikianguka chini, tupa. Hakuna kukiosha. Punje moja ya mchanga iliyoingia ndani itachora gari zima.

Madoa ya chokaa hayakutoka kwa udongo. Tulitumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilicholoa kikalazwa juu ya doa dakika moja au mbili, kisha maji mengi. Siki huyeyusha chokaa, na kazi hiyo haifanyiwi juani. Viduara vingi vikaondoka. Vilivyobaki vilikuwa si doa tena bali kishimo: chokaa ilikaa muda mrefu mpaka klia yenyewe ikalika. Kishimo hutolewa kwa polishi peke yake, na kikiwa kirefu huachwa.

Hapa ndipo tuliposoma hali ya seramiki ya zamani. Baada ya kusafishwa, milango ilirudia kurusha maji, matone ya duara safi. Paa na boneti maji yalilala bapa. Maana yake mteja hakutapeliwa chupa. Alipakiwa kitu cha kweli, juu ya rangi isiyotayarishwa, kisha maji ya kisima na jua vikakimaliza kwenye sehemu zilizolala bapa. Ukiambiwa seramiki imekufa, kwanza ondoa chokaa. Mara nyingine imezibwa tu.

Polishi ilijaribiwa kwenye kipande cha sentimita 50 kwa 50 kabla ya kugusa kwingine. Kanuni ni kuanza na kisicho kikali: pedi ya sponji ya wastani, polishi laini, matone matatu au manne ya ukubwa wa choroko, mashine inayozunguka huku ikitikisika badala ya ile ya kuzunguka tu. Mwendo wa mkono ni pole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mipito minne hadi sita. Kwa rangi ya 202 pedi ya manyoya na kompaundi kali hutoa mikwaruzo ya zamani na kuleta ukungu mpya, halafu unapiga raundi ya pili kufuta ukungu. Kila raundi nyepesi hula maikroni moja au mbili; ile kali hula tatu, nne au zaidi. Kwenye klia ya 40 hesabu hiyo haina miaka mingi. Kona na mikunjo ya mwili wa gari hubandikwa utepe wa karatasi, maana hapo klia ni nyembamba na mashine hula haraka.

Mikwaruzo miwili mirefu iliachwa. Mwenyewe hakufurahi. Alitaka gari la maonyesho, na ilibidi aelezwe kwamba kuifuta ingekula klia ambayo jua la Mombasa litaidai baadaye.

Uamuzi, na hesabu zake

Alitaka seramiki tena, papo hapo, na nzuri zaidi ya ile ya kwanza. Jibu lilikuwa hapana, kwa wakati ule. Gari lililala nje, chini ya mwembe, likaoshwa kwa kisima, na masika yalikuwa yanakaribia. Tuseme seramiki imetozwa shilingi 30,000 na ikadumu miezi 24: ni shilingi 1,250 kwa mwezi. Ikifa paani baada ya miezi 6, ni 5,000 kwa mwezi, na kuitoa kunahitaji polishi nyingine inayokula klia.

Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mnazi, ina mng'aro mzito unaopendeza sana kwenye nyeusi. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, na boneti yetu mchana haiko mbali na hapo. Hapa huisha kwa wiki chache, na ikilainika hunasa vumbi. Kwa gari la harusi Jumamosi, sawa. Kwa gari la kila siku la Mombasa tumeacha kuipendekeza.

Iliyobaki ni nta ya kiwandani, ile ya polima ambayo wengi huiita silanti. Huhimili joto, na makopo mengi huahidi miezi mitatu hadi sita. Hapa ihesabu mitatu. Gari moja hula mililita 30 hivi, kwa hiyo chupa ya mililita 473 inakupa mara 15, karibu miaka minne ya kupaka kila miezi mitatu. Kikubwa zaidi ni kwamba ikiharibika, inaoshwa na kupakwa upya na mwenyewe, bila mashine na bila kula klia. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa kwa kisima, hiki ndicho chaguo letu, hata kama mfuko unaruhusu seramiki.

Inapakwa nyembamba mno, kiasi cha kutoonekana ukisimama mbele. Unyevu wa hapa huchelewesha kukauka. Mahali chupa inaposema dakika 15 ngoja 30, ukijaribu kwa kidole: ikifutika safi bila kuchora, iko tayari. Ikipakwa nene haikingi zaidi, hutoa tu mistari meupe na kuumiza mabega ya anayefuta. Gari likae saa 12 bila maji, na koti la pili lifuate kesho yake ili kufunika ulipopitwa.

Harrier ilimaliza masika hivyo. Katika miezi hiyo mwenyewe alifanya kitu kilichosaidia kuliko chupa zote: alijenga kibanda cha mabati upande wa pili wa ua, mbali na mwembe, akaweka tangi la kuvuna maji ya mvua. Makuti yangekuwa na ubaridi zaidi, ila hudondosha vumbi na vijiti. Alikuwa amefikiria pia turubai la kufunika gari. Tulimzuia: kusi likivuma, turubai hupiga mwili wa gari usiku kucha na vumbi lililo katikati.

Seramiki, safari hii kwa taratibu

Tulingoja Agosti, mwezi ambao Mombasa hupoa. Gari lililazwa ndani usiku ili bati lipoe lote na lisipate umande, kazi ikaanza alfajiri. Kibanda chenye paa la mabati kufikia saa tano asubuhi ni tanuri, na bati likipita nyuzi 30 seramiki hushika kabla hujaifuta.

Baada ya kuosha, dawa ya chuma na polishi nyepesi sana, gari lilifutwa lote kwa alkoholi ya isopropili ili kuondoa mafuta ya polishi. Ukiyaacha, ni sawa na kupaka hina mkono wenye mafuta ya nazi. Mchanganyiko ni asilimia 15 hadi 25 ya alkoholi, iliyobaki maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma chupa vizuri: asidi ya betri hukaa rafu moja nayo, na chupa zinafanana. Alkoholi tupu isiyochanganywa nayo inaweza kuilainisha klia.

Matone sita hadi nane kwenye kitambaa kidogo cha suedi, kipande cha sentimita 50 kwa 50, kwanza wima kisha mlalo. Halafu unangoja rangi za upinde wa mvua zianze kuonekana na uso utoe vijitone. Seramiki nyingi huiva kwa kutumia unyevu wa hewa, kwa hiyo mahali maelekezo yanapotaja dakika mbili, Mombasa inaweza kuwa sekunde 40. Jaribu kipande cha kwanza sehemu isiyoonekana na uihesabu hapo. Kitambaa cha kwanza huondoa kilichozidi, cha pili hulainisha, na vyote viwili vigeuzwe mara kwa mara, kisha vitupwe mwisho wa kazi; vikikauka huwa na chembe ngumu zinazokwaruza. Msaidizi alifuata nyuma na tochi aliyoilaza ubavuni mwa bati. Pakionekana doa lenye giza, hapo imebaki nene. Ndani ya saa moja linatoka kwa kupaka tone jipya juu yake na kufuta. Likikaa mpaka kesho linataka mashine.

Chupa iliyofunguliwa isiwekwe akiba. Unyevu ulioingia huanza kuigandisha ndani, na fundi anayetoa chupa nusu yenye vichembe chini anakupakia taabu.

Saa 24 bila tone la maji, siku saba bila shampuu. Kunguru hawajui ratiba hiyo: kinyesi kilichoanguka siku ya tatu kilitolewa kwa kulaza kitambaa kilicholoa maji ya betri mpaka kilainike, kisha kikainuliwa bila kusugua.

Uoshaji wa sasa nyumbani kwake ni huu. Kisima kinatumika kwa povu na kusuuza vumbi. Lita 10 za mwisho ni za tangi la mvua, zinamiminwa polepole kutoka juu ya paa ili maji yashuke kama shuka moja na kubeba matone. Gari linakaushwa kivulini mara moja kwa taulo mbili kubwa za maikrofaiba, likibonyezwa badala ya kusuguliwa. Kitambaa cha asubuhi kimepigwa marufuku. Hilo lilileta manung'uniko, kwa sababu gari lenye vumbi machoni pa jirani ni aibu, lakini vumbi linalongoja maji halikwaruzi kitu.

Kwa kuwa anapanda Nairobi kila mara, bampa ya mbele, ukingo wa boneti na vioo vya pembeni viliwekwa utando wa poliurethani kabla ya seramiki. Utando huo ulianzia kwenye mapanga ya helikopta za Marekani wakati wa vita vya Vietnam, na ndio pekee kati ya hivi vyote unaopokea jiwe badala ya rangi. Ni ghali, kwa hiyo kuuweka gari zima la mjini ni kupoteza. Weka pale mawe yanapogonga. Vidonda vya mawe vilivyokuwepo vilizibwa kwa rangi kwanza, kwa kuwa chumvi ya hewa hii huingia humo na kutu hutambaa chini ya kinga bila kuonekana. Mlango wa nyuma kushoto, ule wa maikroni 240, usingewekwa utando hata kama mwenyewe angelipia: rangi ya gereji isiyoshika vizuri hung'oka pamoja na utando siku unapobadilishwa. Ulipewa seramiki kama mingine, na mwenye gari ameambiwa ndio atakaoutazama kwanza kila Agosti.